Safari ya mashua ndogo juu ya Lualaba na Tanganyika: mambo ya kujua mbele ya kutoa franka yako

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mtu mwenye anataka kufika mbali na mizigo yake, mara nyingi maji ndiyo barabara yake. Wakati wa mvua pikipiki inakwama katika matope, lori linalala njiani siku nyingi, na ndege ni bei ya wachache. Kwa hiyo watu wanashuka mtoni. Wengine wanapanda pirogi ya mota, wengine balenieri, ile mashua ndefu ya mbao yenye kubeba mchele, mahindi, mbuzi na watu pamoja. Safari ile inaweza kuwa nzuri sana: upepo, hadithi, samaki wabichi, masoko ya pembeni ya maji. Inaweza pia kuwa safari ya mwisho.

Hapa tumekusanya mambo yenye kumsaidia abiria kufika salama na kupata faida ya safari yake. Neno kubwa ni hili: katika mashua ndogo, abiria yuko na nguvu wakati angali anasimama kivukoni na pesa ziko mfukoni. Akisha kulipa na mashua ikisha kutoka, hawezi tena kuchagua kapiteni, wala mota, wala uzito wa mizigo. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mashauri haya ni mambo ya kufanya ukiwa bado nchi kavu.

Mto wetu uko na ngazi

Watu wengi wanafikiri kwamba mtu akipanda mashua Kasongo anaweza kushuka moja kwa moja mpaka Kisangani. Sivyo. Lualaba ni kama ngazi: kuko vipande vyenye maji kimya, na kuko vipande vya mawe na maporomoko.

Juu, kutoka Bukama mpaka Kongolo, vyombo vinapita. Chini kidogo ya Kongolo, mto unabanwa katikati ya mawe, mahali panapoitwa Portes d'Enfer, ni kusema Milango ya Jehanamu. Hapo hakuna njia ya mashua. Kutoka Kasongo mpaka Kibombo maji yanafaa tena, kama kilomita 100. Baada ya Kibombo mawe yanarudi mpaka karibu na Kindu. Ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli yenye kupita Kongolo, Samba na Kibombo mpaka Kindu. Toka Kindu mpaka Ubundu kuko kipande kirefu kizuri, kama kilomita 300, na mito Elila, Ulindi na Lowa inaingia humo. Kisha Ubundu, kuna maporomoko saba ya Boyoma mpaka Kisangani. Pale ilijengwa reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906. Lakini gari moshi si la kila siku, na wasafiri wengi wanamalizia kipande hicho na pikipiki.

Si jambo la leo. Mwanzo wa mwaka 1877, Stanley na watu wake, waliokuwa wametoka Nyangwe, walilazimika kubeba mitumbwi yao nchi kavu pembeni ya maporomoko hayo.

Faida ya kujua hivi ni gani? Ni kupanga safari na pesa kwa vipande. Usiulize tu bei ya mashua. Uliza pia: nikishuka pale, nitaendelea na nini? Mizigo yangu nani ataibeba? Nitalala wapi nikikosa chombo cha pili? Wafanyabiashara wengi wanapoteza faida yao si juu ya maji, ila pale wanasubiri katikati ya vipande viwili.

Kwa watu wa Kabambare, mto Luama unapita katika eneo lao mbele ya kuingia Lualaba, lakini wengi wanaangalia zaidi upande wa mashariki: Fizi, Baraka, Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Tanganyika si mto. Ni ziwa la urefu wa kilomita zaidi ya 650, na mahali pengine kina chake kinapita mita 1400. Juu ya mto, ukipata shida, ukingo hauko mbali sana. Juu ya ziwa, mashua inaweza kukaa mbali na nchi kavu muda mrefu, na mawimbi yake ni kama ya bahari. Chombo chenye kutosha kwa Lualaba si lazima kitoshe kwa Tanganyika.

Majira na saa

Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, maji ya Lualaba yanashuka. Mchanga na mawe yanakaribia juu, mashua inakwama, na safari ya siku mbili inaweza kufika siku tano. Wakati huo tafuta mashua yenye watu wawili mbele wenye miti mirefu ya kupima kina cha maji. Kama mbele hakuna mpimaji, kapiteni anaenda kwa bahati.

Wakati wa mvua maji ni mengi, mashua inapita vizuri, lakini nguvu ya maji inabeba magogo, na dhoruba inakuja haraka. Ukiona wingu jeusi na upepo wa baridi unaanza kupiga, kapiteni mwenye akili anasogea ukingoni na kusubiri. Usimgombeze kwamba anachelewesha. Huyo ndiye kapiteni wa kutafuta tena siku ingine.

Juu ya Tanganyika, kiangazi kinaleta upepo mkali kutoka kusini. Wavuvi wa kule wanajua saa zake. Uliza wao, usiulize tu muuza tiketi.

Usiku, usisafiri. Huku jua linashuka karibu ya saa kumi na mbili ya jioni mwaka mzima, na mashua nyingi hazina taa yenye kuonyesha gogo ao jiwe. Mwezi wa kumi na mbili 2014, mashua Mutambala iliyotoka Kalemie kwenda Uvira ilizama usiku. Zaidi ya watu 120 walikufa. Uliza mbele: usiku tunalala wapi? Kama jibu ni kwamba mtaendelea na giza, tafuta chombo kingine.

Angalia mashua mbele ya kulipa

Fika kivukoni siku moja mbele, ao saa mbili tatu mbele ya kutoka. Usiende na mizigo yote mara ya kwanza. Enda kama mtu anayepita tu, angalia:

Ubao wa pembeni. Mashua ikisha kupakiwa, ni kiasi gani cha mbao kinabaki juu ya maji? Kama mkono wako ukining'inia pembeni unagusa maji, imepita kiasi. Wimbi moja la mashua ingine litatosha kuijaza.

Maji ya ndani. Kila mashua ya mbao inaingiza maji kidogo. Lakini kama kijana anayatoa na ndoo bila kupumzika na chombo kingali kimefungwa kivukoni, ujue kwamba mbele itakuwa mbaya zaidi.

Mizigo. Vitu vizito, sawa magunia ya mchele na mifuko ya simenti, vinapashwa kukaa chini na katikati. Ukiona magunia yamepangwa juu kama nyumba na watu wamekaa juu yake, mashua hiyo inaweza kupinduka hata siku yenye hakuna upepo.

Mota. Sikiliza ikiwashwa. Uliza kama kuko ya pili, na kama fundi anasafiri pamoja nanyi. Mota ikizima katikati ya mto, maji yanaibeba mashua popote yanapotaka.

Kapiteni. Uliza watu wa kivukoni, si yeye mwenyewe: njia hii ameipita mara ngapi? Anakunywa? Mtu mwenye kunuka pombe asubuhi, usimpe maisha yako.

Umri wa chombo peke yake si kitu cha kuogopa. Meli Liemba ya Tanganyika ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikatolewa chini ya maji mwaka 1924, ikarudi kazini 1927, na ikaendelea kubeba watu miaka mingi sana. Chombo ni matunzo. Mashua ya mwaka jana yenye haitunzwi ni hatari kuliko ya zamani yenye kuzibwa vizuri kila kiangazi.

Jina lako liandikwe

Mbele ya kutoka, hakikisha jina lako na ya watoto wako yameandikwa katika orodha ya abiria. Watu wengi wanakataa sababu wanaogopa kulipa makato, ao mwenye mashua hataki hesabu ya kweli ionekane. Lakini ile karatasi ndiyo itasema ulikuwa wapi. Mwezi wa kumi 2024, mashua Merdi ilipinduka juu ya ziwa Kivu ikitoka Minova, karibu kabisa na kufika kivuko cha Kituku, Goma. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo watu walikuwa wamejaa majini. Walikuwa wengi kuliko wale walioandikwa, na familia zingine zilikaa siku nyingi bila kujua kama mtu wao alikuwa ndani.

Fanya pia orodha yako mwenyewe: tuma ujumbe kwa ndugu mmoja nyumbani, mwambie jina la mashua, saa ya kutoka, fasi ya kwanza ya kusimama. Beba kadi yako ya mchaguzi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na ikae juu ya mwili, si ndani ya sanduku. Vituoni utaiombwa mara nyingi. Kila unapolipa, omba risiti.

Jile si mapambo

Jile, ni kusema koti la kuelea, ni lazima katika inchi yetu. Mwaka 2019, baada ya watu wengi kuzama ziwa Kivu, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba kila abiria anapashwa kuivaa. Lakini kwenye vivuko vingi jile zinatolewa wakati wakubwa wanapita, kisha zinarudishwa sandukuni.

Kama unasafiri mara nyingi, nunua yako. Ijaribu: ifunge mikanda yote, kisha mtu akuvute mabegani kuelekea juu. Ikipita kichwani, ni kubwa kwako. Mtoto anahitaji ya kipimo chake. Akivaa ya mtu mkubwa, atateleza atoke chini. Jile iliyopasuka na yenye sponji imejaa maji haifai tena.

Kama umekosa kabisa, bidoni tupu ya litri 20 yenye kifuniko kimefungwa vizuri inaweza kushikilia mtu mkubwa juu ya maji. Ifunge na kamba fupi, ikae karibu na mkono. Bidoni ya mafuta tupu ambayo ungali ukiibeba sokoni, hiyo hiyo. Si sawa na jile, lakini imeshinda mikono mitupu.

Fasi ya kukaa

Nyuma kuko mota: moshi, kelele na bidoni za esansi. Mbele kabisa maji yanaruka na kukulowesha. Fasi nzuri ni katikati, karibu na pembeni, pale hakuna kitu juu yako chenye kuzuia kutoka. Usikubali kufungiwa chini ya bashi iliyokazwa pande zote, wala kulala chini katikati ya magunia na mlango mmoja tu. Mashua ikipinduka, wenye kufa wa kwanza ni wale waliofungiwa ndani.

Mama mwenye mtoto mchanga, usimfunge mgongoni na kitenge kilichokazwa mafundo mengi. Umshike mbele, ao fundo liwe moja lenye kufunguka haraka. Viatu vizito, fungua kamba zake.

Wenye kupata kizunguzungu, sana sana juu ya Tanganyika, wakae katikati, waangalie mbali kwenye milima, wasiangalie chini wala simu. Wale kidogo tu, ndizi ao mkate mkavu, mbele ya kupanda.

Moto, adui wa mashua ya mbao

Watu wanaogopa maji na kusahau moto. Mwezi wa nne 2025, karibu ya Mbandaka, mashua HB Kongolo ilishika moto wakati chakula kilikuwa kinapikwa ndani, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Mbao, bashi, esansi na mbabula yenye makala: vitu hivyo vikikaa pamoja, cheche moja inatosha.

Kwa safari ya siku moja ao mbili, beba chakula chenye hakihitaji moto: kwanga, kalanga, mahindi ya kuchoma, samaki wa chumvi aliyekwisha kupikwa, ndizi, mikate. Kwa safari ndefu, kubalianeni na kapiteni tangu mwanzo: kupika ni wakati mashua imefungwa ukingoni, na nchi kavu. Akisema haiwezekani, basi mbabula ikae mbali na esansi, juu ya mchanga ndani ya karai, na ndoo ya maji pembeni. Na mwenye kuvuta sigara karibu na bidoni, mumwambie. Wengi wanaona haya kumwambia mtu mzima. Haya haizimi moto.

Maji ya kunywa na magonjwa

Lualaba inaonekana safi, lakini vijiji vyote vya pembeni vinaoga na kutupa uchafu humo, na kolera inajulikana katika jimbo letu. Beba maji yako yaliyochemshwa, ao tia dawa ya kusafisha maji na usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kushuka mto ni haraka. Kupanda ni pole sana. Kwa hiyo kama unarudi ukipanda, hesabu maji na chakula cha siku mbili zaidi.

Mtu akianza kuhara njiani, usingoje kufika: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa sana, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, bila kuacha, mpaka mfike kituo cha afya.

Beba chandarua, maana usiku mtalala pembeni ya maji. Mchana vaa nguo ndefu: mbung'o wanakaa katika vichaka vya pembeni ya mto, na ugonjwa wa usingizi, wanaoubeba, umejulikana Maniema tangu zamani. Mwenye homa yenye kurudi rudi baada ya safari, na kichwa kuuma, aende kupimwa. Na usioge popote, mamba wangaliko. Oga pale wenyeji wanaoga.

Namna ya kupata faida

Mashua ndogo iko na kitu chenye meli kubwa haina: inasimama. Kila kijiji ni soko dogo. Mwenye akili anabeba daftari na kalamu, anaandika kila kituo: bei ya samaki, ya mafuta ya ngazi, ya mchele, ya chumvi. Akirudi, daftari lile linamwambia nini cha kubeba mara ya pili, na fasi gani ya kuuzia.

Alama ya mizigo ni ya lazima. Andika jina kwa rangi pande mbili za gunia, kisha hesabu magunia pamoja na mtu wa mashua wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Unga, chumvi na sabuni vifungwe ndani ya plastiki mara mbili. Mizigo yenye kushuka mbele, ipakiwe mwisho. Sema hivyo kwa kapiteni mapema.

Na zungumza na watu. Ndani ya balenieri mutakaa pamoja siku nyingi: mwalimu, mchuuzi, mama anayeenda kuona binti yake, mwanafunzi. Ndipo mtu anajua nyumba ya kulala Kindu, motari mwaminifu Ubundu, na bei ya kweli Kisangani. Simu yako ichajiwe kabla, uizime ukiwa mbali na mtandao ili ibaki na nguvu siku ya shida.

Hatari ikitokea

Mashua ikigusa mchanga ao jiwe, kaa chini. Watu wote wakisimama na kukimbilia upande mmoja, wao wenyewe ndio wanaipindua. Ikipinduka, shika chombo kama kingali kinaelea. Mbao nyingi zinabaki juu. Usishindane na nguvu ya maji. Acha yakubebe, huku ukisogea kidogo kidogo upande wa ukingo. Umsaidie mwenzako kwa kumrushia kamba, ubao ao bidoni. Ukimshika kwa mkono, anaweza kukuzamisha.

Na ukiona haifai?

Hili ndilo gumu. Mashua imejaa mno, na ingine itapita labda baada ya wiki. Samaki wako wataoza, ao mgonjwa wako anangojewa. Wote wanapanda, na wewe unaonekana mwoga.

Mbele ya kuamua, jaribu mambo matatu. Ongea na abiria wengine: watu kumi wakisema pamoja kwamba hawalipi mpaka magunia yapunguzwe, mwenye mashua anasikia, juu anahitaji pesa yao. Ita mkubwa wa kivuko mbele ya watu. Tuma mizigo peke yake na mtu wa kuipokea, na wewe ubaki. Vyote vikishindikana, rudi nyumbani. Samaki ni hasara ya mwezi mmoja. Familia nyingi za Kalemie, Minova na Mbandaka zingetoa magunia yote ya dunia ili mtu wao awe alichelewa siku ile.